Siku 11 bila dawa: kisa cha nyumba moja ya Tandahimba

Mei 2024, mtoto wa miaka minane katika kijiji kimoja cha Tandahimba alikaa siku 11 bila kumeza dawa zake za saratani ya damu, na hakuna kilichotokea. Aliamka, akanywa uji, akaenda kucheza chandimu na wenzake nyuma ya ghala la ushirika. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoani Mtwara kwa miaka mingi, na ninaamini siku hizo 11 za afya njema zilimsogeza mtoto yule kwenye hatari kuliko homa zote alizowahi kupata.

Wazazi wameniruhusu kuandika. Majina sitayataja, na mambo machache nimeyabadili ili nyumba isitambulike. Nitawaita kama wanavyoitana: baba, mama, dada, mjomba. Mtoto mwenyewe nitamwita kijana, kwa sababu ndivyo mjomba wake anavyomwita tangu akiwa na miaka mitatu.

Homa tatu, malaria tatu

Ilianza Novemba 2022, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Kijana alipata homa, zahanati ikampima, malaria ikaonekana, akapewa mseto. Wiki mbili baadaye homa ikarudi, akapewa mseto tena. Mara ya tatu mama aliona mambo ambayo hakuyapenda. Viganja na ulimi vimepauka, miguu inamuuma usiku hadi analia, na mapajani kuna madoa ya bluu kama ya mtu aliyechapwa. Bibi aliuliza kama baba ameanza kuwa na mkono mzito. Baba hajalisahau swali hilo hadi leo.

Mganga wa zahanati simlaumu. Huku kwetu homa ya mtoto ni malaria kwanza, mengine baadaye, na yamkini kijana alikuwa na malaria kweli, kwa kuwa saratani haimzuii mbu kuuma. Lakini malaria iliyotibiwa vizuri haimwachi mtoto akizidi kupauka, wala haileti michubuko isiyo na kisa. Alipofikishwa Mtwara mjini aliongezewa damu, na baada ya siku kumi akawa mweupe tena kama karatasi. Daktari aliyeiweka damu yake chini ya hadubini ndiye aliyeandika rufaa ya Muhimbili. Januari 2023 alitolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga, na jibu likawa lukemia kali ya limfu, saratani inayowapata watoto wengi duniani kuliko nyingine yoyote.

Matibabu yake hayaishi kwa mkupuo mmoja, na hapa ndipo kisa chote kinaposimama. Mwezi wa kwanza ni wa dawa kali, na mwisho wake watoto wengi hawaonekani tena na seli za saratani kwenye hadubini. Zinabaki zile zilizojificha, chache mno kuonekana lakini za kutosha kuanza upya. Kwa hiyo hufuata miezi mingine ya dawa kali, pamoja na sindano za mgongo, maana dawa ya mshipani haifiki vya kutosha kwenye ubongo. Kisha huja kipindi kirefu cha vidonge nyumbani na kliniki ya kila mwezi. Jumla ni miaka miwili hadi mitatu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Sababu moja kubwa ya pengo hilo ni matibabu yanayokatishwa njiani. Wataalamu huhesabu wiki nne mfululizo bila matibabu kuwa ni kuyaacha.

Huduma ya saratani ya watoto pale Muhimbili, inayoendeshwa kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, haiitozi familia pesa ya dawa, na mama hupata mahali pa kulala. Nalisema mapema kwa sababu watu wengi wakisikia mtoto ameacha matibabu husema ni umaskini. Nyumba hii ni maskini kweli, lakini bei ya dawa siyo iliyotaka kuwaangusha.

Miezi minane bila mama

Mama alikaa Dar es Salaam na kijana kuanzia Januari hadi Septemba 2023. Nyumbani walibaki baba, dada mwenye miaka 12 na wadogo wawili. Bibi yupo nyumba ya tatu, ila macho yake yamefifia.

Anayeijua nyanda ya juu ya Wamakonde anajua habari ya maji. Mvua ikiisha, matangi ya bati yanakauka, na maji ni ya kununua kwa dumu au kuyafuata bondeni. Kazi hiyo ilikuwa ya mama, ikawa ya dada. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akarudi na dumu kichwani, akakoroga uji wa wadogo, akafagia, ndipo shule. Mara nyingi shule haikufika zamu yake. Nililiona baadaye daftari la mahudhurio la darasa la sita. Tangu Februari hadi Septemba mwaka ule hakuna wiki ambayo alama zake tano zilikamilika.

Baba naye alikuwa anatafuta nauli, pesa ya kula ya mjini na vocha. Aliweka rehani mikorosho 40 kwa misimu miwili. Jioni moja mama alimtumia picha kwa simu, kijana ameketi kitandani, mashavu yamevimba kama puto, nywele zimeisha, anatabasamu. Zile ni dawa za prednisoloni, ndizo zinazouvimbisha uso. Baba aliitazama picha muda mrefu, akamuuliza dada, "Huyu ni nani?" Dada akamjibu kwamba ni mdogo wake, angalia kovu la nyusi.

Wembe, sahani, glavu

Septemba 2023 kijana alirudi. Nilikwenda kumwona wiki ya pili, na nilichokiona ndicho nachoshindwa kuwaeleza watu wanaodhani matibabu ya saratani yanafanyika hospitali tu.

Saa mbili usiku baba anavuta kiti cha mgongo mfupi karibu na taa ya sola. Anaigeuza sahani ya bati juu chini na kuifuta kwa kitambaa. Anavaa glavu alizopewa na muuguzi, anatoa kidonge cha njano cha merkaptopurini. Siku tano za wiki ni kidonge kizima, siku mbili ni nusu, na leo ni siku ya nusu. Anauweka wembe katikati ya mstari wa kidonge, anaukandamiza kwa kidole gumba, anasubiri. Kikikatika vibaya anashusha pumzi na kuviangalia vipande viwili kipi kikubwa. Unga unaobaki anaukusanya kwa tone la maji ili usipeperuke, kwa sababu dawa hii haitakiwi kuguswa hovyo, na mtu mwenye mimba asiikaribie kabisa. Kisha anatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku moja kwa wiki kuna vidonge vingine vidogo vya njano, methotreksati, na kosa la kuvimeza kila siku kama vile vya kwanza linaweza kumuua mtoto. Mama alivitenga kwenye kopo la rangi nyingine na kulifunga kwa kipande cha kanga.

Mara moja kwa mwezi zilikuja siku tano za prednisoloni. Kijana aliamka saa nane usiku analia njaa, akitaka ugali na mbaazi, si mkate, si chai, ugali. Akipewa anamaliza sahani ya mtu mzima, akinyimwa anapiga teke mlango. Aliyeamka kupasha moto alikuwa dada. Asubuhi kijana hakumbuki, na dada anasinzia darasani.

Desemba ile homa ilimpanda usiku. Kipimajoto kilisoma 38.6, na kadi ya wodini inasema kuanzia 38 ni hospitali siku hiyo hiyo. Zahanati ilimpima, malaria ikaonekana, na mhudumu akaanza kuandika mseto wa kwenda nao nyumbani. Mama akasema, "Malaria mtibuni, dada yangu, lakini msinirudishe nyumbani. Mwanangu hana askari mwilini." Alikuwa sahihi kabisa. Mtoto ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka kwa dawa anaweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja, na bakteria hawasubiri kesho. Walipakiwa kwenye bodaboda watatu, na kabla ya alfajiri kijana alikuwa ameanza antibiotiki za mshipani. Mama huyu aliishia darasa la saba.

Nimekaa sana kwenye habari hii ili ieleweke kwamba nyumba hii haikuwa na ujinga wala uzembe. Miezi mitano baadaye nyumba hiyo hiyo ilikaribia kuacha.

Barabara ilipokatika

Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga. Mabasi yalisimama. Tarehe ya kliniki ya kijana iliangukia humo humo. Vidonge vilikuwa vya mwezi mmoja na akiba ya siku chache, vikaisha.

Siku za mwanzo mama hakulala. Alimshika kijana shingo kila saa kupima joto, alimfunua tumbo, alikagua mapaja. Siku ya tano alipunguza. Siku ya nane kijana alikuwa anakula vizuri kuliko siku za dawa, maana kichefuchefu kimeisha. Siku ya 11 walipata basi, wakaenda, kipimo cha damu kikawa kizuri, wakarudi na vidonge.

Madaktari walifurahi, na mimi nilifurahi nilipopigiwa simu. Hakuna aliyefikiria kwamba familia imejifunza kitu kibaya mno. Kwa macho yao wenyewe walikuwa wameona kwamba dawa zikikosekana, mtoto hazidiwi. Majirani nao walikuwa wameona. Lukemia hairudi kama malaria, kwa kutetemeka usiku uleule. Seli zilizojificha zinachukua wiki au miezi kuongezeka bila mtoto kulalamika, na zikirudi zinakuwa zimeshazizoea baadhi ya dawa. Hilo lilikuwa limeelezwa wodini, lakini maelezo ya wodini yalikuwa na mwaka mzima, na siku 11 zilikuwa za juzi.

Kliniki ya tarehe 24 Juni hawakwenda.

Kila mmoja alikuwa anadai

Nilifika Julai 9, baada ya wodi kupiga simu ya ufuatiliaji na kukuta namba ya mama haipatikani. Nilikwenda nikiwa na hotuba yangu kichwani kuhusu umuhimu wa dawa. Namshukuru Mungu sikuitoa. Nilikaa kwenye mkeka, nikala ming'oko, nikauliza swali moja: tangu kijana aumwe, nani hapa ameahirisha nini?

Baba alianza. Mei hadi Agosti ni wakati wa kupuliza salfa. Unga wa salfa hupulizwa alfajiri, majani yana umande na upepo umelala, kwa hiyo anatoka nyumbani saa tisa usiku na jioni saa moja ameshalala. Misimu miwili hakupuliza ipasavyo, na mikorosho isiyopulizwa inashikwa na ubwiriubwiri, maua yanakauka. Tena Juni hiyo alikuwa ameshauza kilo 120 za korosho ambazo bado hazijazaliwa, kwa kangomba, yaani kuwauzia walanguzi kabla ya mavuno, shilingi 1,000 kwa kilo, ili kupata nauli ya Mei. Hakutaka kuuza kangomba tena kwa ajili ya mtoto anayepiga chenga uwanjani. Oktoba ya mwaka ule, kwenye minada, bei ilivuka shilingi 4,000. Aliyachukua matokeo hayo kimya, na sikuwa na neno la kumwambia.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Vidonge vilivyokatwa hatakiwi kuvigusa, safari ya basi ya kutwa nzima inamvimbisha miguu, na kwa mara ya kwanza tangu 2022 alikuwa amelala wiki mbili bila kushtuka.

Dada hakusema. Nilimfuata jikoni, nikamkuta anabangua korosho. Alikuwa darasa la saba na mtihani wa taifa ni Septemba. Kwa kuwa baba analala mapema na mama ni mjamzito, wembe ulikuwa umehamia kwake. Alinionyesha glavu, kubwa kuliko mikono yake, amezifua na kuzianika kwenye kamba. Mtoto wa miaka 13 alikuwa anakata dawa ya saratani peke yake chini ya taa, kisha anafungua daftari la hisabati. Dawa zilipokwisha Mei, aliniambia kwa sauti ndogo, alipata kusoma.

Mjomba alikuwa na jando. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na likizo ya Juni ndiyo ya kupeleka wari kumbini. Rika la kijana lilikuwa limeitwa. Mwaka uliotangulia alisubiri kwa sababu mpwa wake alikuwa kitandani Muhimbili. Sasa mpwa ni mzima, na mtoto anayeachwa na rika lake hubeba hilo ukubwani. Kumtahiri mtoto aliye kwenye dawa hizi ni kumweka kwenye hatari ya kuvuja damu na kuoza kidonda. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mjomba, dawa ziishe.

Nikiitazama orodha hiyo sioni mtu mbaya. Ugonjwa ulipokuwa unatisha, kila mmoja aliikopesha nyumba kitu chake: shamba, usingizi, shule, heshima ya ukoo. Kijana alipoonekana mzima walikuja kudai, na walikuwa na haki ya kudai. Hotuba kuhusu umuhimu wa dawa isingemlipa hata mmoja wao.

Mjomba anauliza lini

Mjomba nilikuwa nimeshamtembelea mara mbili kabla, na mara zote nilimweleza hatari. Safari hii alinikatiza. "Afisa, kila ukija unasema hatari. Hatari nimeisikia. Niambie lini." Nilikuwa sijawahi kumletea tarehe. Mtu anayepanga jando anaishi kwa kalenda: chakula kinawekwa, ngariba anaambiwa, ndugu wa mbali wanaitwa. "Bado" siyo jibu analoweza kulipeleka kwa wazee wenzake.

Nilimwomba ampeleke kijana Muhimbili yeye mwenyewe, akamuulize daktari. Walisafiri Julai 15, wiki tatu kamili tangu kliniki waliyoikosa. Alipewa jibu lenye mwaka: dawa zinaisha katikati ya 2025, damu ipewe muda wa kutulia, kutahiriwa kufanyike hospitali si kabla ya Juni 2026, na mafunzo ya kumbini yafuate. Kwenye foleni aliketi karibu na mama kutoka mkoa mwingine ambaye mwanawe alisimamisha dawa akiwa mzima kabisa, na sasa amerudi na ugonjwa uleule. Mjomba hakunisimulia walichozungumza. Aliporudi aliwaambia wazee kijana ataingia na kundi la 2026, na tangu hapo kliniki zote alimpeleka yeye.

Mengine tuliyofanya ni madogo. Tuliomba kipimo cha damu kifanyike Mtwara na majibu yatumwe wodini kwa simu, hivyo safari zilizopotea kwa kipimo kibovu zikapungua. Wodi ikaanza kutoa vidonge vya akiba ya wiki mbili badala ya siku chache, kwa sababu barabara ya Kilwa inaweza kukatika tena. Wembe tuliurudisha kwa baba, saa ikasogezwa hadi saa kumi na mbili na nusu jioni kabla hajalala. Mhudumu wa afya wa kijiji alipita kila Jumapili kutazama kalenda.

Agosti 2025 kijana alimeza kidonge cha mwisho. Anarudi Muhimbili kila baada ya miezi michache kupimwa. Baba alimaliza rehani ya mikorosho 40 na msimu huu ameokota ya kwake. Mtoto aliyezaliwa Agosti 2024 anatembea.

Faili langu la kisa hiki lina kurasa 31. Jina la dada limo mara mbili, zote kwenye orodha ya wanakaya. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka mwishoni mwa 2024 hakuchaguliwa. Hakulia mbele yetu. Mama aliniambia aliichukua sahani ile ya bati, akaisugua kwa majivu hadi ikang'aa, akairudisha kabatini na vyombo vingine. Sasa yuko kwa fundi cherehani Tandahimba mjini, anajifunza kukata vitambaa, na fundi anasema mkono wake umetulia kuliko wa wenzake. Fomu yake ya chuo cha ufundi cha VETA Mtwara iko mezani kwangu, imejazwa, inasubiri picha mbili na saini ya mjomba.